Waya Juu ya Paa la Mama Mkwe

Jairo Okeyo alipanda nguzo za simu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo alianguka mara moja tu, siku ambayo nguzo yenyewe ilianguka. Mchwa walikuwa wameimaliza kwa chini. Alipoletewa fomu ya kueleza chanzo cha ajali aliandika, "Nguzo imestaafu kabla yangu." Wakubwa hawakucheka. Wakubwa wana kumbukumbu ndefu kwa mambo mafupi.

Mwaka wa tisini na sita wakampeleka kozi ya wiki mbili, akafundishwa jinsi kompyuta zinavyounganishwa kwa waya ili zisemezane. Alirudi na daftari limejaa michoro. Mwezi uliofuata wakampunguza. Yeye na wenzake thelathini walipangwa mstari, wakapewa mkono, cheti chenye nembo, na hotuba ya dakika arobaini kuhusu soko huria. Mtoa hotuba aliwaambia kwamba kuanzia siku hiyo wako huru. Jairo alijaribu kukumbuka ni lini aliomba, akashindwa.

Akarudi nyumbani Pasiansi na mkanda wake wa kupandia nguzo, koleo, na lile daftari. Miaka miwili akatengeneza redio, akanyoosha antena, akafungua pasi zilizoungua na kuwaambia wenyewe kwa upole kwamba zimeungua. Njaa hakulala nayo. Kilichomsumbua ni swali. Kila alipojitambulisha kuwa ni fundi, mtu aliuliza, "Fundi wa nini?" Zamani jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kofia yake. Sasa alikuwa fundi wa nini? Wa chochote ulichovunja wiki hii. Jairo alitaka barua, karatasi moja yenye mhuri, inayosema yeye ni fundi wa kitu fulani, mahali fulani. Mkewe Akinyi alimwambia barua hailiwi. Jairo akamjibu kwamba hata cheti cha ndoa hakiliwi, lakini mbona hajakichoma?

Barua hiyo ilikuwa mtaa wa Nyakato, kwenye droo ya Mzee Masalu.

Mzee Masalu alikuwa karani wa chama cha ushirika. Soko huria lilipofika, wengine walipunguzwa, yeye aliongezeka. Alilala karani akaamka kampuni. Aliuza nyavu, kamba, maboya na injini za mitumbwi kwa wavuvi wa ziwa zima, na alikuwa na majengo mawili: ofisi ya ghorofa moja upande huu, ghala upande ule. Kila jengo lilikuwa na kompyuta yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Ya ofisini ilikuwa chini ya ulinzi wa karani Suzana, ya ghalani ilikuwa ya mtunza stoo aitwaye Kija. Kompyuta hizi hazikuwa zinajuana. Kija akitoa nyavu ghalani, aliingiza hesabu kwenye disketi, na Suzana akaifuata disketi kwa miguu.

Ni mwendo wa dakika moja. Suzana aliutembea kwa saa mbili, kwa sababu katikati ya majengo hayo kulikuwa na hoteli ya chakula, na kwenye hoteli hiyo kulikuwa na chai ya maziwa na maandazi. Habari iliyotoka ghalani saa tatu ilifika ofisini saa tano, ikinuka iliki. Wateja waliambiwa nyavu zipo kumbe ziliuzwa juzi. Siku moja disketi ikaingizwa kwenye kompyuta ikiwa na mafuta ya maandazi, kompyuta ikakataa kula.

Mzee Masalu akaita mtaalamu kutoka Dar. Kijana Paulo alikuja na tai, akapima kwa macho, akasema itabidi kuchimba mtaro kuzunguka barabarani, mita mia tatu na ushee, kibali cha manispaa, miezi minne.

Siku hiyo Jairo alikuwa chini ya meza ya Suzana akitengeneza simu. Akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kama chafya.

"Nani huyo anacheka chini ya meza yangu?" Mzee Masalu aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi, Jairo."

"Marahaba. Toka huko ucheke tukuone."

Jairo akatoka na vumbi kichwani. "Mzee, kutoka dirisha hili mpaka lile la ghala ni mita sitini. Waya wa kompyuta hizi unakwenda mia na themanini bila kuhema. Wa nini mtaro? Unapita juu kwa juu, kama simu."

"Juu kuna upepo," alisema Paulo.

"Na chini kuna panya," alisema Jairo.

Mzee Masalu, Msukuma wa kuzaliwa Misungwi ambaye ulimi wake haukuwahi kuona faida ya herufi r katika majina ya watu, alifungua droo akatoa karatasi. "Sikiliza, Jailo. Leo Jumatatu. Jumamosi mchana nakaa kwenye kiti hiki. Nikiziona nyavu za ghalani kwenye kioo cha hapa ofisini, wewe ni fundi wa mitambo wa kampuni hii, barua hii hapa, imebaki saini. Nisipoziona, Jumatatu huyu kijana anaanza kuchimba na wewe utarudi kwenye pasi zako."

Jairo akakubali kabla sentensi haijaisha. Alishuka ngazi akipiga mluzi, akatoka nje, akainua macho kutazama njia ambayo waya wake ungepita. Mluzi ukafa.

Hoteli ile ya katikati ilikuwa ya mama mkwe wake.

Usidhani alikuwa amesahau. Mtu hasahau mama mkwe. Ila furaha ilikuwa imempiga upofu kidogo. Mama Akinyi, mjane kutoka Shirati, mwili wa kutosha na sauti ya ziada, alikuwa na kiwanja kile tangu kabla majengo ya Masalu hayajaota. Masalu alikitaka kwa miaka sita ili aunganishe majengo yake yawe kitu kimoja. Alituma wazee, akatuma mchungaji, akatuma ndama. Mama Akinyi aliwapa wazee chai, akamwombea mchungaji, akamrudisha ndama akiwa amenenepa. Kiwanja hakuuza.

Na waya wa mita sitini hauwezi kuning'inia hivihivi. Ungebonyea katikati, ulale juu ya bomba la moshi wa jiko la mama, uive. Ilibidi kulabu ipigiliwe juu kabisa ya paa lake, pale kwenye kofia ya bati, na waya ushikiliwe hapo. Yaani mtu apande. Na kwao Jairo, mkwe kupanda juu ya paa ambalo mama mkwe amekaa chini yake ni jambo ambalo hata walevi hawalifanyi. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, Jairo hakuwahi kumtazama mama yule usoni, wala kumsemesha moja kwa moja. Walikuwa wakipitisha maneno kwa mtu wa tatu, hata wakiwa chumba kimoja, hata kama neno lenyewe ni "karibu chai". Sasa aende akasimame juu ya kichwa chake na nyundo?

Mama huyo hutoka chini ya paa lake siku moja tu kwa juma: Jumamosi, anapokwenda kusali. Ni Msabato. Jairo naye ni Msabato, tena shemasi. Siku pekee ambayo paa lile halikuwa na mama mkwe ndiyo siku ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe amekataza kazi. Mzee alikuwa amesema Jumamosi mchana, lakini kwa Jairo wiki ingeisha Ijumaa jua likizama.

Jumanne alifanya kile ambacho wakubwa hufanya. Akatuma mtu. Mhoja, mlinzi wa ghala, alikubali kupanda na kulabu. Jairo akajificha nyuma ya lori. Mhoja alifika juu salama, akapiga nyundo mara ya kwanza, na vumbi la bati likaingia kwenye sufuria ya sato.

Mama Akinyi akatoka na mwiko.

"We nani juu ya nyumba yangu?"

"Mhoja, mama. Natoka kwa Mzee Masalu."

"Masalu amekosa ardhi, sasa anataka anga?" Akaichukua ngazi, akaiingiza ndani, akaifungia stoo. "Kaa hukohuko. Akikuhitaji aje akuchukue mwenyewe."

Mhoja alikaa juu ya bati la moto kutoka saa nne mpaka saa tisa. Wateja walimrushia maandazi. Alipoteremshwa alisema kwamba chakula cha pale kweli kina sifa zake, lakini kulabu hiyo Jairo akapigilie mwenyewe.

Jioni ile Jairo alimweleza Akinyi kila kitu. Akinyi alikuwa akisonga ugali. Alicheka mpaka akaacha kusonga.

"Kwa hiyo ulikuwa nyuma ya lori?"

"Nilikuwa nasimamia kazi."

"Nyuma ya lori."

"Akinyi, ukiendelea kucheka ugali utafanya madonge."

"Mama hajui kwamba fundi ni wewe?"

"Angejua vipi? Nimwambie na nani? Ndiyo maana nakuomba uende. Uende kwa heshima, kama mjumbe."

"Mjumbe haendi mikono mitupu," alisema Akinyi. Jumatano akaenda na kilo mbili za sukari na khanga mpya, kama watu wanaokwenda kuposa. Jairo alishinda siku nzima akipima waya aliokwisha kuupima. Aliufunga vizuri ncha ya ofisini, akaufunga vizuri ncha ya ghalani, na mita za katikati zikabaki zimeviringishwa chini, karibu na ukuta wa hoteli, kama joka lisilojua pa kwenda.

Akinyi alirudi jioni na jibu, akalisema kwa sauti ya mama yake, maana hilo lilikuwa jibu ambalo halifai kusemwa kwa sauti nyingine.

"Amesema: mtu wa Masalu hapandi paa langu. Mkwe wangu hapandi paa langu, tumechoka kuishi? Sasa abaki nani? Nitapanda mimi."

Jairo akakaa chini. "Mama apande?"

"Amesema alikuwa akipanda miamba ya Shirati kuchunga mbuzi wakati wewe hujazaliwa. Na ana sharti. Masalu aandike karatasi kwamba waya ni mgeni kwenye kiwanja cha Mama Akinyi, unapita kwa ruhusa yake, na kwamba hatamletea tena mtu yeyote kuuliza habari za kuuza. Wala ndama."

Alhamisi asubuhi Jairo akasimama mbele ya Mzee Masalu na sharti hilo. Mzee alitazama kompyuta ya Suzana chini ya kitambaa chake. Alitazama picha ya mtaro aliyoichora Paulo. Mwisho akasema, "Huyu mama angekuwa ndiye katibu wa ushirika wetu, ule ushirika usingekufa," akaandika. Akagonga na mhuri bila kuombwa.

Hivyo Ijumaa saa nane mchana, Nyakato ikashuhudia teknolojia ya kisasa.

Mama Akinyi alitoka amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya gauni, kitambaa kimekazwa kichwani, nyundo kiunoni, kamba begani, kulabu na kipande cha mpira mfukoni. Wateja wa mchana walihamisha viti nje. Mhoja alishika ngazi kwa uangalifu wa mtu anayejua ngazi hiyo inaweza kwenda wapi. Mama akapanda taratibu, bati likilalamika kila hatua, akafika juu, akakaa kwenye kofia ya paa kama mtu aliyepanda punda.

Jairo alikuwa chini, uchochoroni, amegeuka ameutazama ukuta. Mkwe hawezi kumtazama mama mkwe akiwa ardhini. Akiwa juu ya paa, usiulize. Kazi yote aliyojifunza kwa miaka kumi na tisa alitakiwa kuifanya kwa kisogo. Kati yao akasimama Suzana, macho yake juu, masikio yake chini.

"Suzana, mwambie mama apigilie kulabu katikati ya kofia, isielekee kulia."

"Mama! Anasema katikati, isielekee kulia!"

Mama Akinyi alikuwa mita nne kutoka kwa Jairo na alisikia kila herufi. Lakini mwiko ni mwiko. Alisubiri neno lipite kwa Suzana, ndipo akapiga nyundo.

"Mwambie nimepiga."

"Anasema amepiga."

"Mwambie asante. Sasa ashushe kamba."

"Mama, asante, ushushe kamba!"

"Mwambie kamba hiyo inakuja, asogee, isije ikamgonga kichwa. Binti yangu bado anamhitaji."

Suzana alifikisha ujumbe huo wote, mpaka wa binti. Wateja wakapiga makofi. Jairo, uso ukutani, alitabasamu akalitabasamia tofali.

Ikafungwa kamba, ukapandishwa waya, ukashikwa kwenye kulabu, kamba ikarushwa upande wa pili, Kija akavuta kutoka ghalani. Ilipofika saa kumi na moja na nusu waya mweusi ulikuwa umenyooka kutoka dirisha mpaka dirisha, mama akiwa bado juu. Mzee Masalu akavua kitambaa cha kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. Suzana akakimbia juu, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Haipo," alipiga kelele dirishani. "Ghala halionekani!"

Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea kwenye mawe ya mlima. Jairo alipanda ofisini, akakagua ncha. Nzuri. Akakimbia ghalani, akakagua ncha. Nzuri, na Kija akaapa hajagusa kitu. Ilibaki katikati. Alirudi uchochoroni akitweta, akautazama ukuta wake.

"Suzana! Shuka! Niambie, waya umefungwaje pale juu?"

Suzana alishuka, akakinga jua kwa mkono. "Umefungwa barabara. Ameuzungusha mara tatu, akaukaza, akapiga fundo. Kama mtu anayefunga ndama."

Jairo alifumba macho. Waya ule una moyo mwembamba ndani na wavu wa shaba nje, na viwili hivyo havitakiwi kugusana kamwe. Ukiukunja kwa nguvu vinakutana, habari zinafia hapo. Fundo la ndama lilikuwa limeukaba koo. Kosa ni dogo, dawa yake ni dakika tatu. Lakini ingebidi mtu amwambie mama mkwe, mbele ya wateja ishirini, kwamba amefunga vibaya. Na mtu huyo ni mkwe.

Alitazama kivuli cha paa kikirefuka ardhini. Zilibaki kama dakika arobaini. Alifikiria barua kwenye droo. Alifikiria pasi. Kisha akavuta pumzi kama shemasi anayetaka kuomba sadaka ya pili.

"Suzana, mwambie mama hivi, usipunguze neno. Mwambie fundo lake ni zuri mno. Mwambie tangu nianze kazi ya waya sijaona fundo la namna hiyo, hata kule shirika la simu hatukuwa nalo. Tatizo ni waya. Waya huu ni wa siku hizi, dhaifu, hauna adabu, haustahili fundo la watu wazima. Unataka kubebwa tu kama mtoto mchanga. Kama mama atauhurumia, aufungue, aulaze ndani ya kulabu, aushikilie kwa kipande cha mpira kilichoko mfukoni mwake."

Suzana aliinua uso. "Mama," alianza, "anasema fundo lako..."

Lakini juu ya paa Mama Akinyi alikuwa ameshaanza kucheka. Alicheka mpaka bati likacheka naye.

"Mwambie mkwe wangu aseme tu nimefunga vibaya!"

"Anasema useme tu amefunga..."

"Mwambie sijasikia," alisema Jairo haraka.

"Hajasikia, mama!"

"Hajasikia!" Mama Akinyi alipangusa machozi kwa ncha ya kitambaa. "Akinyi alipata mume huyu wapi? Haya, naufungua huu waya usio na adabu."

Akaufungua. Akaunyoosha kwa vidole taratibu, akaulaza kwenye kulabu, akaufunga kwa mpira kwa namna ambayo hata kifaranga angelala. Jairo alisubiri, paji la uso kwenye tofali, hathubutu kugeuka, hathubutu kuomba, maana aliona si vizuri kumsumbua Mungu kwa mambo ya ofisi zikiwa zimebaki dakika chache siku yake ianze.

Suzana akapanda tena. Kisha dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Nyavu! Nyavu za inchi sita, mia mbili na kumi! Maboya! Kija, unaandika maboya?"

"Ninaandika!" Kija alijibu kutoka dirisha la ghala, ingawa maana nzima ya kazi ile ilikuwa watu hawa wasipigiane kelele tena.

Mama Akinyi aliteremka mwenyewe, akapokewa kwa vigelegele, akaenda moja kwa moja jikoni kuuliza nani amekula bila kusema. Mzee Masalu akatoka nje na barua mkononi, kalamu kwenye sikio. Alitazama waya kutoka mwanzo hadi mwisho, akaridhika.

"Jailo, nina duka Misungwi pia. Kuunganisha mpaka huko, njiani una wakwe wangapi?"

"Mke ni mmoja tu, mzee."

"Mungu ashukuriwe. Weka saini hapa."

Jairo aliishika barua. Fundi wa Mitambo, iliandikwa, na jina lake limekaa pazuri chini yake, halina kosa. Akaisoma mara mbili. Kisha akainua macho kwenye mawe ya mlima, ambako jua lilikuwa limebaki kipande chembamba mithili ya ganda la chungwa, na alipokuwa akilitazama likazama.

Akairudisha barua. "Nitasaini Jumapili, mzee. Sabato imeingia."

"Jumapili mimi nipo kanisani."

"Basi Jumatatu."

Mzee Masalu alimtazama mtu huyu aliyepigania karatasi wiki nzima na sasa anairudisha kwa mikono miwili. Alitikisa kichwa, akaikunja barua kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko wake wa shati, ule wa upande wa moyo. "Jumatatu saa mbili. Na usichelewe, fundi wa mitambo."

Jairo akakusanya koleo lake na mkanda, akaanza kushika njia ya Pasiansi. Alikuwa bado hajafika barabarani mtu akamsimamisha na redio kwapani.

"Samahani, kaka, nimeambiwa wewe ni fundi. Fundi wa nini?"

Jairo akamwambia. Akamwambia polepole, neno kwa neno, kisha akamwomba aje na redio yake siku ya Jumapili.